Dumu la Upande wa Pili

Kila siku akitoka shule, Afton alipitia kwanza kwenye kibanda cha matikiti cha bibi yake. Alifagia majani makavu, akayasogeza matikiti yaliyosalia mbele ili wenye magari wayaone, kisha akaingia jikoni kuosha vyombo. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Bibi yake, Nelda, alikuwa na goti bovu, na kazi zote za kuinama zilikuwa za Afton. Lakini mwisho wa Septemba matikiti huwa yamekwisha na jua limepunguza ukali, na hapo ndipo watu wa nyumba ile walipoanza kuzungumzia mto.

Hapa mjini kwetu, Green River, kila ukoo una desturi yake ya mto. Wengine huenda kuvua samaki, wengine huenda kupiga kelele tu. Ukoo wa Nelda huteremka kwa mitumbwi ndani ya korongo kwa siku kadhaa, na mtoto aliyetimiza miaka kumi na miwili ndiye anayepanga matembezi ya nchi kavu. Yeye huamua mitumbwi ifungwe wapi, watu wapande bonde lipi la kando, wabebe maji kiasi gani na wageuze saa ngapi. Akishapanga, watu wazima humfuata hata akiwapeleka kwenye miiba. Binamu yake Kimball, aliyekuwa na zamu hiyo kabla yake, aliwapeleka kwenye miiba kweli, na mpaka leo hii anadai ile ilikuwa njia ya mkato.

Jioni ile Afton alitandaza ramani ya marehemu babu yake Orval juu ya meza ya jikoni. Alichukua mbegu kavu za tikiti akaziweka juu ya ramani, mbegu moja kwa kila tembezi. Mbegu za kwanza hazikumsumbua. Ya mwisho aliiweka mahali panapoitwa Shingo, ambapo mto unazunguka jabali kubwa mpaka unakaribia kukutana na wenyewe. Juu ya Shingo kuna tundu kubwa katika mwamba, nasi tunaliita Dirisha. Hapo ndipo babu Orval alipomposa Nelda, wote wawili wakiwa vijana.

Goti la Nelda lilikuwa lifanyiwe upasuaji majira ya baridi, na daktari alishamwambia asitegemee kupanda majabali tena. Bibi huyo hakuomba apelekwe popote. Alipita tu karibu na meza akiwa na bakuli la maharage, akaigusa mbegu ile kwa kidole, akaendelea na maharage yake. Afton alielewa. Safari nzima ilikuwa kwa ajili ya mbegu ile moja.

Tatizo lilikuwa maji. Upande wa juu wa mto, njia ya kwenda Shingo ni fupi lakini ni mawe ya kukwea kwa mikono, na Nelda asingeweza. Upande wa chini njia ni ya taratibu, lakini ni ndefu na haina kivuli. Kimball na mtu mzima mmoja walipaswa kuwa na mikono mitupu ili wamshike bibi kwenye mawe, kwa hiyo wangebeba chupa ndogo tu, na Afton peke yake asingeweza kubeba dumu zima kwa njia ndefu namna ile. Na ukoo ule ulikuwa na sharti lisilovunjwa: kama hakuna maji yanayokungoja katikati ya njia, unarudi mtoni.

Afton akafikiri mpaka akapata ujanja. Wangelala kwanza upande wa juu. Jioni, wenye miguu mizima wangekwea njia fupi, wavuke Shingo, washuke kidogo upande wa pili na kuficha dumu la maji kwenye pango. Kesho yake wangezunguka kwa mitumbwi mchana kutwa mpaka upande wa chini, na asubuhi inayofuata wangempandisha bibi, dumu likiwangoja katikati.

Nelda aliutazama mpango ule kwa muda mrefu, akasema ni mzuri kuliko wa Kimball, jambo ambalo halikuwa sifa kubwa. Kisha akaongeza neno moja.

"Na kila kona, geuka. Mahali unapotaka kupakuta tena, pita mbele kidogo, halafu geuka utazame. Jiwe lina sura mbili."

"Ndiyo, Bibi," alijibu Afton, macho yakiwa kwenye mbegu zake. Neno hilo alikuwa amelisikia tangu alipoanza kutembea, na kwa sababu hiyo halikumwingia.

Siku ya kuondoka likatokea jambo ambalo hakulipanga. Mama yake Afton, Corinne, ni muuguzi, na zahanati ilimnyima ruhusa. Badala yake alimleta Wendell, dereva wa basi la shule kutoka mji wa Price, mwanamume mrefu, mkimya, mwenye masikio yanayokuwa mekundu kila anaposemeshwa. Huyo ndiye aliyekuwa amuoe Corinne majira ya kuchipua. Baba yake Afton alikuwa ameondoka zamani akaenda kuishi Nevada, kwa hiyo hakuna aliyeibiwa nafasi. Hata hivyo Afton alipomwona Wendell akiketi nyuma ya mtumbwi, mahali pa babu Orval, roho ilimuuma.

Pale ufukweni Nelda alimsomea mgeni masharti yote ya ukoo, moja baada ya jingine. Wendell aliyarudia kwa midomo kama mtoto wa chekechea. Kimball alicheka mpaka akaangusha kasia kwenye tope.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Maji yalikuwa machache na mekundu, kuta za korongo zikapanda pole pole pande zote mbili, na Nelda aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti iliyorudi kutoka kwenye mawe. Usiku walikula viazi vya jibini vilivyopikwa katika chungu cha chuma chenye makaa juu na chini. Waliposali kabla ya kula, Wendell aliinamisha kichwa baada ya wenzake na kukiinua kabla yao. Afton aliliona hilo akaliweka moyoni.

Asubuhi alikwenda kukagua maji, maana maji yalikuwa dhamana yake. Dumu walilokuwa wakitumia kwa kunywa lilikuwa limepungua, ilhali alilifunga mwenyewe wakati wa kulala. Akatazama huku na huku. Blanketi la Wendell lilikuwa tupu. Baada ya kitambo mtu huyo alitokea nyuma ya majabali akitafuna pipi ya mnanaa, akamwamkia vizuri na kuuliza kama amelala salama. Mkono mmoja ulikuwa ndani ya mfuko wa koti, na ndani ya mfuko ule kitu cha chuma kiligonga kitu kingine cha chuma.

Afton alimweleza Kimball walipokuwa wakifunga mizigo.

"Mnanaa kabla jua halijachomoza?" Kimball alinong'ona. "Huyo ana harufu anayoificha. Mjomba Vaughn alikuwa hivyohivyo kabla hajaanguka kwenye mfereji na baiskeli yake. Pole sana, umepata baba mpya."

"Si baba yangu."

"Ngoja majira ya kuchipua."

Kimball alisema vile kwa utani, kama anavyosema kila kitu, lakini Afton hakucheka. Nyumbani kwa Nelda hata kahawa haijawahi kuingia, maana dini yao inaikataza, sembuse pombe. Alimfikiria mama yake akirudi kutoka zamu ya usiku na kumkuta mume amelala mlangoni. Akaogopa kwelikweli.

Kuanzia hapo kila alichofanya Wendell kilikuwa na walakini. Katika tembezi la kwanza, kwenye bonde jembamba lenye mchanga, alijiweka nyuma kabisa ya mstari, na kila baada ya hatua chache aligeuka kutazama walikotoka. Afton alimchungulia kwa pembe ya jicho. Mtu asiye na lake jambo hatazami nyuma namna hiyo. Kimball alidokeza kwamba labda anatafutwa na polisi wa Price, naye Afton akalipokea hata hilo.

Asubuhi iliyofuata maji yalikuwa yamepungua tena. Safari hii alikuwa ameweka alama ya mkaa ubavuni mwa dumu, na maji yalikuwa chini ya alama. Wendell akatoka nyuma ya majabali, pipi mdomoni, mkono mfukoni. Afton alitamani kumwambia bibi yake, lakini Nelda alikuwa ameketi juu ya jiwe akilikanda goti lake na kutabasamu peke yake, akilitazama Shingo lililoanza kuonekana kwa mbali. Afton akanyamaza. Hakutaka kuitia sumu safari ile ya bibi.

Mchana walifika upande wa juu wa Shingo. Kutia nanga pale ni shughuli. Tope la ukingoni lilimmeza Kimball mpaka mapajani, ikabidi avutwe kwa kamba, na kiatu kimoja kikabaki huko. Jua lilipolegea, Afton alibeba dumu lililojaa, akafunga kitambaa chake chekundu kwenye kishikio cha dumu, wakaanza kukwea: yeye, Kimball aliyevaa viatu vya akiba, na Wendell. Nelda alibaki kulinda mitumbwi.

Walivuka Shingo. Dirisha lilikuwa juu zaidi, upande wa kushoto, na Afton alikataa hata kulitazama. Alitaka wote walione pamoja na bibi. Walishuka upande wa pili kona chache mpaka akaona pango dogo lenye mstari mweusi juu yake, mahali pa kivuli pazuri. Akalisukuma dumu ndani na kusema inatosha, warudi kabla giza halijawakuta kwenye mawe.

Yeye na Kimball walianza kupanda. Baada ya muda Afton alitambua kwamba nyayo za Wendell hazisikiki nyuma yao. Alisimama akangoja. Mtu yule alikawia, kisha akatokea akitweta, masikio mekundu.

"Ulikuwa unafanya nini?" aliuliza Afton.

"Nilikuwa natazama tu," alijibu Wendell.

Natazama nini? Afton hakuuliza. Alimkata jicho akaendelea kupanda, na usiku ule hakupata usingizi mzuri. Kila alipofumba macho alimwona mtu yule yuko peke yake na dumu.

Kesho yake walizunguka jabali lile kwa mitumbwi mchana kutwa. Upepo uliwapiga usoni, mikono ikawauma, na ilikuwa ajabu kidogo kuona kwamba baada ya taabu yote ile wametokea upande wa pili wa ukuta uleule. Walilala kwenye mchanga. Wendell aliamka mapema kama kawaida yake, na maji yakapungua kama kawaida yake.

Walianza kupanda wakati jua halijafika chini ya korongo. Afton alitangulia. Nelda alifuata na fimbo yake, Kimball upande mmoja na Wendell upande mwingine, wakimwinua kwenye ngazi za mawe. Alikwenda vizuri kuliko walivyotegemea. Lakini njia ile ilikuwa ndefu, jua liliwafikia mapema, na chupa ndogo zikaanza kuwa nyepesi. Nelda aliacha kuzungumza. Goti lilikuwa limevimba juu ya kitambaa alichokuwa amelifunga.

Afton aliona pango lenye mstari mweusi juu yake akashukuru Mungu. Alikimbia mbele na kupiga magoti, akaingiza mkono ndani. Mkono uligusa mchanga. Akauingiza mpaka begani, akapapasa kila pembe, akatoa kinyesi kikavu cha panya na hakuna kingine.

Wenzake walipomfikia alikuwa amesimama mbele ya pango.

"Lilikuwa hapa," alisema. "Niliweka mwenyewe. Limechukuliwa."

"Na nani, Afton?" aliuliza Nelda. "Huku hapiti mtu."

"Muulize yeye. Juzi alibaki nyuma peke yake na dumu. Na kila asubuhi anaiba maji, Bibi, nimeweka alama na nimeona. Anakwenda kujificha nyuma ya majabali anakunywa pombe, halafu anatafuna mnanaa tusimsikie harufu. Mama anaolewa na mlevi na hajui."

Kimball alitazama viatu vyake vya akiba. Wendell alivua kofia, masikio yamekuwa mekundu mpaka shingoni, na kwa kitambo Afton aliona kama ameshinda.

"Maji ya asubuhi ni kweli," Wendell alisema. "Nimekuwa nikiyachukua mimi."

"Ya nini?" aliuliza Nelda.

"Kahawa, Mama." Alitoa mfukoni kijiko cha bati, kikombe kidogo cha chuma na jiko la gesi dogo lisilozidi ngumi. "Corinne aliniambia kahawa haiingii nyumbani kwako. Nikaona nisikuvunjie heshima mbele ya watoto. Lakini nisipopata kikombe kimoja asubuhi, kichwa kinaniuma mpaka sioni njia."

Kimball alipasuka kicheko, kisha akakiziba kwa kiganja. Nelda hakucheka, ingawa midomo yake ilikuwa na kazi kubwa ya kutulia.

"Nimeinusa tangu asubuhi ya kwanza," alisema. "Upepo wa korongo hauna siri. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Na dumu la juu?"

"Hilo sijaligusa. Lipo." Wendell alimgeukia Afton. Alionekana kusitasita, kama mtu anayeogopa kumwaibisha mwenzake. "Ila si hapa. Ulipokimbia nilidhani umetafuta kivuli bibi apumzike. Pango letu liko mbele, baada ya kona mbili."

"Uongo," alisema Afton. "Mstari mweusi si huu hapa?"

"Lile nalo linao. Ukitokea huku chini halionekani, limejificha nyuma ya bega la mwamba. Lipite kwanza, halafu geuka."

Nelda aliketi juu ya jiwe akanyoosha mguu. Jua lilikuwa limempiga usoni na midomo imekauka.

"Nenda ukatazame," alimwambia mjukuu wake. "Usipoliona tunarudi mtoni wote, na sitaki mjadala."

Afton alikwenda peke yake. Alipita kona ya kwanza, akapita ya pili. Kulia mwamba mtupu, kushoto mwamba mtupu. Hasira yake ilimpa hata raha kidogo, kwa sababu sasa angerudi na kusema mbele ya wote kwamba mtu huyu ni mwongo pia. Alikuwa amekwisha kugeuza mguu wa kurudi alipokumbuka kwamba hajapita mbele. Alijilazimisha kupanda hatua chache zaidi, mpaka akalipita bega la mwamba. Kisha akageuka.

Pango lilikuwa pale, limefunguka mbele yake kama mlango wa nyumba yao. Dumu lilikuwa ndani, kitambaa chekundu kikiwa kwenye kishikio, maji yamejaa mpaka shingoni. Vumbi jembamba lilikuwa juu ya kifuniko, na hakuna kidole kilichokuwa kimeligusa.

Afton aliketi chini. Aliona aibu mpaka masikio yake nayo yakawaka. Sasa alijua Wendell alikuwa akitazama nini jioni ile, na alikuwa akitazama nini katika kila tembezi. Mgeni alikuwa akitii neno la bibi alilosomewa pale ufukweni, neno ambalo mwenye mpango, mjukuu wa nyumba ile, alilipuuza akihesabu mbegu. Naye alikuwa amemwita mlevi mbele ya watu.

Alilibeba dumu mpaka chini. Alimmiminia Nelda kwanza, akangoja anywe kikombe chote na kingine. Halafu akajaza cha tatu na kumpelekea Wendell kwa mikono miwili.

"Nilikuita mlevi," alisema. "Na mwizi. Na mwongo."

"Uliniita," alisema Wendell akipokea maji.

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Mimi mwenyewe ningemshuku mtu anayejificha nyuma ya majabali na jiko la gesi." Alikunywa, akafuta mdomo. "Usimwambie mama yako kwamba nilikamatwa haraka hivi."

Kimball, ambaye si kawaida yake kukiri kosa, alisema kwamba yeye ndiye aliyechochea kuni, na kwamba hata habari ya polisi wa Price aliitunga. Wendell akasema hiyo hakuisikia na angependa kusimuliwa. Nelda akagonga fimbo yake chini, maana jua halikuwa likiwangoja.

Walifika Dirishani kabla ya saa sita. Wendell na Kimball walimwinua Nelda hatua ya mwisho, karibu wambebe, naye akasimama kwa miguu yake katikati ya tundu lile. Upande mmoja aliuona mto ukija, upande mwingine akauona mto uleule ukiondoka. Alieleza kwamba Orval alikuwa ameketi juu ya mmea wa miiba bila kujua, na kwa kuona haya akashindwa kuinuka na kushindwa kusema, mpaka yeye Nelda akadhani mwenzake ni mgonjwa. Hatimaye aliruka juu na kumwomba amuoe kwa pumzi moja. Bibi alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha yakaendelea kutoka baada ya kicheko kwisha. Afton alimshika mkono.

Wakati wa kushuka Afton aliomba kutembea nyuma, pamoja na Wendell. Kila kona waligeuka wote wawili. Alishangaa jinsi njia ilivyokuwa ngeni kila alipoitazama kwa upande wa pili. Kwenye kona ya mwisho, kabla Dirisha halijafichika, Nelda naye alisimama akageuka. Aliegemea fimbo akalitazama muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha.

Asubuhi ya mwisho Wendell aliamka mapema. Alikuwa ameanza kunyata kuelekea kwenye majabali, jiko lake mfukoni, Nelda alipomwita arudi.

"Kaa hapa," alisema. "Moto upo. Kahawa yako ni kati yako na kichwa chako, mimi sitainywa wala sitakunyima. Lakini jambo lisilo baya ukilificha, watu watalitafutia jina baya."

"Sawa, Mama," alisema Wendell, akaketi.

Kisha Nelda akamgeukia mjukuu wake, aliyekuwa akikunja hema. Hakumkaripia.

"Na wewe, macho yako hayakukosea. Maji yalipungua kweli, na mtu alibaki nyuma kweli. Kosa lako ni kwamba ulichukua siku nyingi kumshuku na hukuchukua hata dakika moja kumuuliza. Na dumu lilipokosekana, ulimtazama yeye, hukujitazama wewe ulikopita. Siku nyingine ukipoteza kitu, anza kwa kugeuka nyuma yako mwenyewe. Ukishageuka na bado hukioni, muulize mtu uso kwa uso, na umwache ajibu."

"Ndiyo, Bibi," alisema Afton, na safari hii alikuwa akimtazama usoni.

Alikwenda kwenye mizigo, akafungua dumu la kunywa, akalileta mpaka motoni. Wendell alishika kikombe chake cha chuma, naye Afton akammiminia polepole asimwage. Dumu likashuka tena chini ya alama ya mkaa asubuhi ile, na hakuna aliyejiuliza maji yamekwenda wapi.